Kiangazi Gongo la Mboto: Mchicha wako unatoka wapi, na umemwagiliwa maji gani?

Ukinunua fungu la mchicha gengeni Gongo la Mboto jioni, kuna uwezekano mkubwa kwamba asubuhi ya siku hiyo ulikuwa bado kwenye tuta, tena si mbali na hapo. Nyanya zilizopangwa pembeni yake huenda zimetoka Iringa au Morogoro kwa lori. Mchicha hauwezi safari hiyo. Unanyauka.

Ndiyo maana mboga za majani za Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hulimwa Dar es Salaam kwenyewe: mabondeni, pembeni ya reli, chini ya nyaya kubwa za umeme na nyuma ya nyumba za watu.

Kiangazi kikikolea, maswali mawili huja kwa pamoja. Kwa nini fungu limekonda wakati bei ni ileile? Na hayo maji ya kumwagilia yanatoka wapi, wakati hata bombani yanakuja kwa zamu? Haya hapa mambo ya kujua.

Kwa ufupi

• Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, hivyo bei yake hupanda na kushuka haraka kufuata maji.
• Bustani nyingi za mjini ziko kwenye ardhi isiyo ya mkulima.
• Kuosha na kupika vizuri hupunguza vijidudu. Hakuondoi risasi na metali nyingine zilizokwisha kuingia kwenye jani.
• Mto Msimbazi ni mmoja, lakini maji yake hayafanani kutoka Pugu hadi Jangwani.

Kiangazi cha Dar ni viwili

Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati yake kuna vipindi viwili vya ukavu, na kwa mkulima wa mboga havifanani hata kidogo.

Cha kwanza ni kuanzia Juni hadi Septemba. Jua lipo, lakini hewa ya kipupwe ina ubaridi kidogo, na ardhi ya bondeni bado ina unyevu wa masika. Chainizi, figiri na spinachi hufurahia hali hii. Huu ndio wakati gengeni kunajaa na mteja anaweza kuchagua.

Cha pili ni Januari na Februari. Hiki ni kifupi lakini kikali. Joto liko juu, tuta linakauka kabla ya saa sita, na mkulima anamwagilia asubuhi na jioni bila kuruka siku. Visima vifupi vinashuka. Wasio na maji ya uhakika wanaacha matuta wazi wakisubiri masika. Wanaobaki ni wale wa bondeni na wenye visima virefu, na ndio wanaopanga bei.

Usidhani masika ikifika mambo yananyooka papo hapo. Mvua kubwa inasomba matuta ya bondeni, mbegu zinafukiwa na magonjwa ya majani yanaongezeka. Kwa hiyo mchicha huadimika mara mbili: maji yanapokosekana, na maji yanapozidi.

Mboga zinazokuokoa kiangazi ni zile zenye mizizi ya uhakika. Kisamvu huvumilia ukame. Matembele yakishashika ardhi unachuma ncha, yanachipua tena. Mchicha wa kung'oa hauna subira hiyo.

Nani analima, na kwenye ardhi ya nani?

Kwa haraka unaweza kuwagawa wakulima wa mboga wa Dar katika makundi matatu.

Kuna wa nyuma ya nyumba: matuta mawili matatu, viroba vilivyojazwa udongo na samadi, matembele kando ya bafu. Wanalima kwa ajili ya kula, ziada inauzwa kwa jirani.

Kuna wa maeneo ya wazi, ambao ndio wanaolisha soko. Wanalima mabondeni, kwenye hifadhi za barabara na reli, chini ya njia za umeme na kwenye maeneo ya taasisi ambayo hayajajengwa. Wengi wameruhusiwa kwa mdomo tu. Siku mwenye eneo akitaka kujenga, tuta linakwisha.

Na kuna wa pembezoni, kama Chanika na Msongola, ambako bado kuna mashamba ya kuonekana. Lakini huko nako viwanja vinapimwa na kuuzwa kila mwaka, na shamba la jana linageuka msingi wa nyumba.

Mkoa ulikuwa na watu milioni 1.36 katika sensa ya 1988. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Walaji wameongezeka karibu mara nne, na nyumba zao zimejengwa juu ya ardhi ileile iliyokuwa ikitoa mboga.

Ilianzaje?

Kulima mjini si mtindo mpya wa mitandaoni. Azimio la Iringa la 1972, "Siasa ni Kilimo", lilihimiza kilimo nchi nzima, na mwaka 1974 ikaja kampeni ya "Kilimo cha Kufa na Kupona". Miaka ya 1980 uchumi ulipobana na mshahara ukawa hautoshi, wafanyakazi wa mjini, wakiwemo wa ofisini, walishika jembe ili nyumba ile.

Mwaka 1993 ulianza mradi wa kuendeleza mboga mjini, wa Serikali ya Tanzania na shirika la Ujerumani la GTZ. Ulifanya kazi na wakulima wa Dar es Salaam katika vikundi. Makadirio yaliyotolewa miaka hiyo yalionyesha kuwa karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa jijini zililimwa ndani ya jiji na pembezoni mwake. Takwimu hiyo ni ya zamani na jiji limebadilika sana, lakini sababu yake ipo palepale: jani halisubiri lori.

Kutoka tuta hadi gengeni

Mkulima wa eneo la wazi mara nyingi hauzi kwa fungu. Anauza tuta zima. Mchuuzi anakuja, anaangalia majani, wanapatana bei, kisha mchuuzi mwenyewe anavuna na kufunga mafungu. Kuanzia hapo hasara yote ya kunyauka ni yake.

Mafungu yanapakiwa kwenye beseni, baiskeli au bodaboda. Mengine yanaishia sokoni, mengine yanapita mtaa kwa mtaa na mama anayepaza sauti, "Mchichaaa!" Kituo cha mwisho ni genge, ile meza ya mbao ambapo unapata nyanya za jero, kitunguu kimoja na limao.

Hapa ndipo ujanja wa kiangazi unapoonekana. Bei ya fungu huwa ngumu kubadilika, kwa sababu mteja amezoea kutoa sarafu fulani. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Tuta likipanda bei, mchuuzi anapunguza mashina kwenye fungu. Ukitaka kujua bei halisi imepanda kiasi gani, angalia mkono wa fungu, usiangalie sarafu.

Nyanya, vitunguu, viazi na karoti zina hesabu nyingine. Hizo zinaletwa kutoka mikoani kupitia masoko makubwa kama Ilala na Temeke Stereo, na bei yake inafuata mavuno ya huko, matenga na nauli ya lori. Ndiyo maana mchicha unaweza kuwa ghali wiki ambayo nyanya zinauzwa sado kwa bei ya kutupa.

Swali la maji

Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapita upande wa Ulongoni na Kinyerezi, unashuka Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mtu akisema "mboga za Msimbazi", muulize: za wapi?

Kuanzia Vingunguti kushuka chini mto umepokea majitaka, maji ya machinjio na ya viwanda vya upande wa Barabara ya Nyerere. Watafiti waliopima maji, udongo na mboga katika bonde hilo wamekuta metali nzito, ikiwemo risasi. Gongo la Mboto iko juu ya sehemu hiyo ya mto, na hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini kuwa juu hakumaanishi usafi wa moja kwa moja. Kuna vyoo vinavyofunguliwa mvua ikinyesha, kuna taka zinazotupwa mtoni, na Pugu Kinyamwezi kuna dampo kuu la jiji. Mwenye kisima karibu na dampo au choo ana sababu ya kupima maji yake.

Tofautisha hatari mbili:

*Vijidudu.* Vinatoka kwenye kinyesi cha watu na wanyama. Vinakaa juu ya jani, na joto la kupika vizuri linaviua. Hatari kubwa iko kwenye vinavyoliwa vibichi, kama kachumbari na saladi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulitukumbusha maji machafu yanaweza kufanya nini.

*Metali nzito.* Risasi na kadimiamu hupita kwenye udongo na maji, zikafyonzwa na mmea hadi ndani ya jani. Hakuna chumvi, siki wala moto wa kuziondoa. Kinga ni moja: usilime kwenye maji na udongo wenye metali hizo.

Ndiyo maana ushauri wa "osha vizuri tu" ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwa mkulima, na kwa wanaoachia majitaka kuingia mtoni.

Sheria inasemaje?

Kilimo cha mjini si kosa kwa jina lake. Kanuni za kilimo mjini za mwaka 1992 zilikitambua na kuweka ukomo wa ekari tatu kwa mtu mmoja.

Tatizo liko bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkulima yuko karibu na mto kwa sababu maji yako hapo, na hapohapo ndipo mguu wake kisheria unapokuwa dhaifu. Akiondolewa, hana hati ya kudai chochote zaidi ya mazao.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, umelenga kudhibiti mafuriko. Kwa wakulima wa mboga, swali la kufuatilia ni iwapo mipango ya bonde itaacha sehemu za matuta, au bustani zitahesabiwa tu kama kitu cha kuondoa.

Ukiwa mnunuzi

• Uliza mchicha umelimwa wapi. Mchuuzi aliyevuna mwenyewe anajua.
• Osha majani kwa maji yanayotiririka au badilisha maji mara kadhaa hadi mchanga uishe, ndipo ukate.
• Pika hadi uive, hasa kama hujui ulikotoka.
• Badilisha mboga na mahali unaponunua. Leo mchicha, kesho kisamvu, keshokutwa majani ya maboga. Hutategemea bonde moja mwaka mzima.
• Usiache mboga kwa hofu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mbogamboga kwa siku.

Ukiwa mkulima

• Mwaga maji kwenye udongo, chini ya majani. Ukiweza, acha kumwagilia maji yenye mashaka siku chache kabla ya kuvuna. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2006 inataja njia hii kupunguza vijidudu.
• Usioshe mboga kwa maji ya mtoni kabla ya kuuza.
• Samadi na mbolea ya kuku zioze kwanza.
• Ukipiga dawa, hesabu siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna. Msimamizi wa viuatilifu nchini ni TPHPA.
• Tandaza nyasi kavu kwenye tuta. Kiangazi zinaokoa keni kadhaa za maji.
• Jaribu mbegu bora. Aina za mchicha za Madiira 1 na Madiira 2 ziliidhinishwa nchini mwaka 2011.
• Jiungeni. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Anzieni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.
• Ukiwa kwenye eneo la taasisi, omba ruhusa ya maandishi, hata ya msimu mmoja.

Cha kuangalia sasa

Awamu ya tatu ya mwendokasi inaishia Gongo la Mboto. Barabara ikikamilika, watu wanasogea, kiwanja kinapanda bei, na kila eneo la wazi linapata mtu wa kuliulizia. Hapo mchicha utaanza kutoka Kisarawe au Mkuranga, ukiwa na nauli juu yake na ubichi kidogo umepungua.

Matuta yaliyobaki hayataokolewa na mapenzi ya mboga peke yake. Yanahitaji mambo mawili: maji yaliyopimwa na karatasi inayomruhusu mkulima kuwepo. Kikao cha mtaa wako kikiitishwa, hayo mawili yana haki ya kuwa kwenye ajenda.