Picha Moja kwa Siku

Historia, msomaji, haiandikwi na wafalme na majemadari peke yao. Mtu mmoja asiye na cheo, mwenye subira na kamera ndogo mkononi, aweza kuiwekea historia akiba ambayo serikali nzima haikuiweka. Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Katika insha hii nataka uone jinsi methali hiyo inavyothibitika kwa mtu apigaye picha moja kila siku kwa kujifurahisha. Mfano wetu utakuwa Soko la Burma, katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi.

Soko hilo liko karibu na Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm. Jirani zake ni mitaa ya Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni, pamoja na uwanja wa mpira uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la City Stadium. Watu wa Nairobi hulijua hasa kwa biashara ya nyama. Lakini jina lake halikuzaliwa Nairobi. Burma ni nchi ya Asia, ambayo tangu mwaka 1989 huitwa Myanmar, na jina lake lililetwa huku na vita.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Katika mvua kubwa za mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw, wakizama katika matope na kuuguzana malaria, hata mwezi wa Disemba wakaufikia mji wa Kalewa ulio kando ya mto Chindwin. Wapiga picha wa jeshi walikuwa pamoja nao. Kwa hiyo sura za askari hao hazikupotea: nyingi zimehifadhiwa London, katika jumba la makumbusho la vita liitwalo Imperial War Museum.

Hapa yafaa tusimame tufikiri kidogo. Askari aliyepigwa picha Burma alirudi kwao baada ya vita kwisha mwaka 1945. Alivua sare, akatafuta kazi na chumba cha kulala. Akakuta kipande, ambacho mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kukichukua tangu mwaka 1920, kingali kikimngoja. Katika kipande ziliandikwa habari za mwajiri na mshahara, na zilitiwa alama za vidole. Sura ya mwenyewe haikuwamo. Alipokuwa vitani, sura yake ilikuwa na thamani kwa dola, kwa sababu ilishuhudia ushindi wake. Alipokuwa sokoni akichagua kipande cha nyama kwa ajili ya watoto wake, ni nani aliyejali kuiweka sura hiyo? Jina la vita likabaki juu ya soko. Siku za kawaida za watu wa soko zikapita bila kuandikwa.

Usidhani kuwa hasara ya namna hii ni ya kufikirika tu. Palikuwa na kijiji kiitwacho Pangani, kimojawapo cha makao ya kwanza ya Waafrika katika Nairobi. Wenyeji wake wengi walijenga nyumba zao wenyewe, na wanawake hawakuwa wachache miongoni mwa wenye nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji kilivunjwa, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Yaliyoandikwa wakati ule juu ya Pangani, kwa sehemu kubwa, yaliandikwa na maofisa wa serikali iliyokivunja, nao waliandika zaidi habari za uchafu na maradhi. Laiti mmoja wa wenyeji angalipiga picha ya kizingiti chake kila asubuhi kwa muda wa mwaka, leo tungalikuwa na shahidi wa pili. Kesi iliyosikilizwa upande mmoja haina hukumu ya haki, na historia ni vivyo hivyo.

Sisemi kuwa Afrika Mashariki ilikosa wapiga picha. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaurithi ufundi huo. Nairobi ilimzaa Priya Ramrakha mwaka 1935, aliyezipiga picha harakati za uhuru mpaka akauawa mwaka 1968 alipokuwa akiangalia vita vya Nigeria na Biafra. Nairobi hiyo hiyo ilimzaa Mohamed Amin mwaka 1943. Alianza na kamera ndogo ya sanduku angali mtoto wa shule, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu. Hawa walikuwa mafundi wakubwa. Lakini angalia kazi zao zilikoelekea. Mtu aliyekwenda studio alivaa nguo yake nzuri, akakaa kama alivyotaka kuonekana. Mpiga picha wa gazeti alikwenda penye hotuba, msiba au mapigano. Kati ya sikukuu na msiba zimo siku nyingine zote, nazo ndizo nyingi katika maisha ya mwanadamu. Siku hizo zinamtaka mtu wa aina nyingine, asiyesubiri kuitwa wala kulipwa.

Mtu wa namna hiyo aliwezekana tangu mwaka 1900, kamera ya Brownie ilipoanza kuuzwa Marekani kwa dola moja tu. Mfano mmoja utatutosha. Jamie Livingston alikuwa mwanafunzi wa chuo katika jimbo la New York. Tarehe 31 Machi 1979 alianza kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ambayo huitoa picha papo hapo. Alijiwekea sharti moja: siku moja, picha moja. Alipiga rafiki zake, chakula mezani, barabara, mvua dirishani. Hakuiacha kazi hiyo mpaka alipokufa kwa saratani tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza umri wa miaka 41. Aliacha picha zaidi ya 6,000. Nyingi, ukizitazama moja moja, hazina ajabu. Ukizifuatanisha, unamwona kijana akiwa mtu mzima, rafiki wakija na kuondoka, mji ukibadilika, na mwisho ugonjwa ukimwingia. Hakuna picha moja ambayo ingaliweza kuyasema hayo yote.

Wala usiseme kuwa mambo hayo ni ya watu wa mbali wenye nafasi. Mwaka 1997, huko Mathare, si mbali na Soko la Burma, mpiga picha Lana Wong na kocha wa mpira Francis Kimanzi waliwapa kamera nyepesi za plastiki vijana wa chama cha michezo cha MYSA, wenye umri wa miaka 12 hadi 17. Vijana hao walipiga picha za nyumba zao, mama zao, michezo yao na vichochoro vyao. Kazi yao iliitwa Shootback, na mwaka 1999 ilitoka kitabu. Kabla yake, Mathare ilikuwa imepigwa picha mara nyingi na wageni waliokuja kutazama umaskini. Vijana hawakuuficha umaskini, lakini walionyesha pia kicheko na kazi, kwa kuwa waliishi humo na waliviona kila siku.

Sasa fikiri juu ya kijana mmoja wa Kaloleni apitaye Soko la Burma kila siku akienda shuleni. Simu ya mkononi ya nyumbani kwao ina kamera bora kuliko ile ya Livingston. Kila siku, saa ile ile, anasimama mahali pale pale na kupiga picha moja. Juma la kwanza ataona kuwa picha zote ni sawa. Mwezi wa pili ataanza kuona tofauti: siku ya mwisho wa mwezi msongamano ni mkubwa kwenye mabucha, mvua zikinyesha, mikokoteni inakwama, kibao cha bei kimefutwa na kuandikwa upya, fundi viatu wa pembeni hayupo tena. Baada ya mwaka atakuwa na kumbukumbu ya bei, ya mavazi, ya majira na ya watu, bila kukusudia kuandika kitabu. Mambo ambayo hakuyatazama alipobonyeza kitufe ndiyo huenda yakatafutwa zaidi baada ya miaka 50.

Kazi hii ina masharti yake. La kwanza ni adabu: sura ya mtu ni mali yake, basi omba ruhusa kabla ya kumpiga picha muuzaji, na ukikataliwa, piga mlango au mzani badala yake. La pili ni kuandika tarehe, mahali na jina la jambo, kwa sababu picha isiyo na maelezo huwa bubu aliyeipiga akiondoka. La tatu ni kuhifadhi. Picha nyingi za Ramrakha zilikaa miaka mingi katika gereji moja ya Nairobi kabla ya kugunduliwa na jamaa yake, na simu ya mkononi hupotea upesi kuliko gereji. Weka nakala mahali pawili. La nne ndilo gumu kupita yote: usiache siku ya leo kwa kuwa haina jambo. Mwezi wa Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya soko la Gikomba, jirani ya Burma, na watu wasiopungua 15 wakafa. Waandishi wa habari walikuja kupiga picha za majivu. Lakini jinsi vibanda vile vilivyokuwa jana yake, ni mtu wa kila siku tu awezaye kutuonyesha.

Mitaa ya mashariki ya Nairobi inaendelea kubadilika. Nyumba za zamani zinavunjwa na majengo marefu yanapanda. Huenda mabadiliko hayo yakawa ya heri. Lakini Pangani ilitufundisha kuwa mahali paweza kuondoka na sura yake ikaondoka pamoja napo. Wewe, msomaji, hukuulizwa mtaa wako ujengwe vipi, wala pengine hutaulizwa utakapovunjwa. Kuushuhudia, hata hivyo, ni katika uwezo wako, na gharama yake ni dakika moja kwa siku. Basi chagua mahali pako, anza leo, na kesho urudi pale pale.