Utambuzi wa Limfoma za Watoto katika Ukanda wa Ziwa Viktoria tangu Mwaka 1957

Insha hii inachunguza historia ya utambuzi wa limfoma za watoto katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ili kueleza kwa nini limfoma adimu inayoanzia kwenye ngozi hupuuzwa kwa urahisi. Hoja kuu ni kwamba jicho la tabibu huutambua ugonjwa uliozoeleka, ilhali ugonjwa adimu huhitaji kipande cha nyama na hadubini.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baadaye alimwona mwingine huko Jinja. Uvimbe wa namna hiyo ulikuwa umeonekana Uganda kabla yake. Kilichokosekana ni kuutambua kuwa sehemu ya ugonjwa mmoja. Uvimbe wa taya, wa figo na wa ovari ulihesabiwa kuwa maradhi mbalimbali. Hata Burkitt mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1958, aliuita sarkoma ya taya. Wataalamu wa patholojia Gregory O'Conor na Jack Davies ndio waliodhihirisha, kwa hadubini, kwamba ulikuwa limfoma. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliripoti chembe za virusi ndani ya seli zilizooteshwa kutokana na uvimbe huo.

Tangu hapo ugonjwa huo ulipata sura inayofahamika, na wagonjwa wake walifuatiliwa hadi Shirati, mkoani Mara. Mafanikio hayo, hata hivyo, yaliwazoesha matabibu kuitafuta limfoma tayani na tumboni.

Limfoma ya ngozi haina sura hiyo. Aina ya limfoblasti, kwa mfano, huweza kuanza kama nundu moja nyekundu isiyouma, mara nyingi kichwani au shingoni, huku mtoto akicheza kama kawaida. Mtoto wa Nyakato, jijini Mwanza, mwenye nundu ya namna hiyo aweza kutibiwa jipu kwa majuma kadhaa. Jibu hupatikana nundu inapokatwa kipande, kikahifadhiwa katika fomalini na seli zake zikapimwa kwa kingamwili maalumu. Kisha damu na uboho huchunguzwa ili kujua kama pana lukemia.

Kutoka Nyakato hadi Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, si mbali. Historia ya Mulago yaonyesha kwamba ucheleweshaji mkubwa hutokea kabla ya safari: pale nundu isiyopona inapoendelea kuitwa jipu.