Ahadi ya Mita Mia Nne

Vijana wa leo wakiambiwa kwamba nchi hii iliwahi kuahidi kumfikishia kila mwanakijiji maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, hudhani ni porojo za wazee. Si porojo. Mpango huo ulianza mwaka 1971, wakati wa TANU, na ulipewa miaka 20. Yaani ifikapo 1991 asingekuwapo mama wa kuamka alfajiri kwenda kugombea dimbwi na ng'ombe.

Niliikumbuka ahadi hiyo hivi karibuni nilipoalikwa Manchira, wilayani Serengeti, kwenye mkutano wa kuwakutanisha wahisani wa maji. Manchira wengi wanaijua kwa bwawa linaloupatia maji mji wa Mugumu. Mkutano ulifana. Soda zilikuwapo, hotuba zilikuwapo, na kadi zenye namba za simu zilipita mkono kwa mkono kama karata. Kila mhisani alitaka kujua mwenzake anachimba wapi.

Ndipo mama mmoja mtu mzima akaomba nafasi. Hakuomba kisima. Alisema kisima wanacho, ila mpini wa pampu unapanda na kushuka bila kutoa kitu, na waliowachimbia hawajulikani waliko. "Wageni wetu, karibuni sana," alisema, "lakini hicho kipya kikiharibika, tumwite nani?" Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake, kisha akamwita msemaji aliyefuata.

Swali la mama yule lina umri mkubwa. Mwaka 1965 serikali ilijitwika gharama zote za kujenga miradi ya maji vijijini, na miaka michache baadaye ikabeba hata gharama za kuiendesha. Leo ni desturi kuwacheka wazee wetu kwa maji ya bure. Mimi siwacheki. Mkulima aliyekuwa anatokwa jasho shambani kwa jembe la mkono angelipa nini, na kwa nani? Tena wakati ule maradhi ya tumbo na kichocho yalikuwa yakimaliza watu, na mgonjwa hawezi kujenga nchi.

Kilichoangusha mpango ni kingine. Pampu nyingi zilitumia dizeli, na vipuri vyake vilitoka nje. Bei ya mafuta ikapanda kuanzia 1973. Operesheni Vijiji ikahamisha watu kwa mamilioni, mara nyingi kabla bomba halijawatangulia. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakomba akiba ya fedha za kigeni. Na kijijini mtu alikuwa ameshaambiwa kwamba pampu ni mali ya serikali. Ikizimika, alikaa kumsubiri fundi wa wilaya, naye fundi alikuwa anasubiri gari. Mwaka 1991 ulipofika, waliopata huduma vijijini walikuwa chini ya nusu.

Huku Kanda ya Ziwa tulionja njia nyingine. Kuanzia 1985 hadi 2002 Wasweden walifadhili mradi wa Hesawa katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara: visima vifupi, pampu za mkono, vyoo, pamoja na wanakijiji waliofundishwa kuzitunza pampu zao. Jambo hilo la mwisho ndilo lililokuwa na maana kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa upesi wahisani wanapopiga picha kando ya kisima.

Sera nayo ikageuka. Ile ya mwaka 1991 ilianza kuzungumzia kuchangia, na ile ya 2002 ikasema waziwazi kwamba wanakijiji wachangie sehemu ya ujenzi na walipe gharama zote za uendeshaji. Hivyo tulitoka kwenye serikali kubeba yote tukafika kwenye mwanakijiji kubeba karibu yote. Na kijijini anayebeba ni mama, kwanza kichwani, sasa na mfukoni.

Msidhani haya ni ya vijijini peke yake. Kati ya 1966 na 1968 wataalamu walipita sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania, mijini na vijijini, wakipima watu wanavyopata maji. Miaka 30 baadaye wenzao walirudi huko huko. Mijini, nyumba zisizo na bomba zilikuwa zikitumia wastani wa dakika 28 kwa siku kuteka maji. Safari hii zilitumia 92. Nyumba zenye bomba nazo zilikuwa zinapata kama nusu tu ya maji ya zamani.

Tangu sheria ya mwaka 2019 tunayo RUWASA inayosimamia maji vijijini, na vipo vyombo vya watumiaji maji vinavyokusanya fedha za ndoo. Mhisani anayekuja Manchira hana sababu ya kuvipita kando. Mimi ningependa mkutano ujao uanze kwa kusoma orodha: kijiji, mwaka kisima kilipochimbwa, aliyekichimba, siku pampu ilipokufa, na kipuri kilichokosekana. Ahadi za visima vipya zisikilizwe baadaye. Vijana wawili wenye baiskeli na daftari wanaweza kuikamilisha orodha hiyo kabla ya masika.