Sheria za Maktaba za Umma Tanzania

Sheria za maktaba za umma Tanzania ni sheria mbili, ya mwaka 1963 na ya 1975, zilizounda na kisha kupanua chombo cha taifa cha kuwafikishia wananchi vitabu na taarifa. Chombo hicho leo ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Suala kuu lilikuwa nani abebe jukumu la maktaba, serikali kuu au halmashauri.

Chimbuko

Enzi za ukoloni, East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki, ilipeleka vitabu mikoani kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1960 mkutubi S. W. Hockey, aliyepewa kazi ya kuchunguza maktaba za Afrika Mashariki, alipendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya kisheria. Hoja ilikuwa kwamba halmashauri nyingi zisingemudu peke yao gharama za vitabu na wakutubi.

Sheria ya 1963 na ya 1975

Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria Na. 39 ya 1963, na huduma ikaanza mwaka uliofuata. Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967. Sheria Na. 6 ya 1975 ilichukua nafasi ya ile ya kwanza. Bodi ilipewa pia kazi ya kusimamia maktaba nyingine, kufundisha wakutubi na kusaidia kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika.

Korogwe

Matokeo ya uamuzi wa kuiachia Bodi ya taifa jukumu la maktaba yanaonekana Korogwe, mji wa mkonge na reli mkoani Tanga. Wilaya hiyo ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, lakini maktaba yake ya umma ni tawi la Bodi. Faida ni kwamba vitabu hununuliwa na kuorodheshwa kwa utaratibu mmoja nchini. Hasara ni kwamba tawi hutegemea bajeti inayogombewa na wilaya nyingine zote.

Nchi jirani

Uganda iliunda bodi yake mwaka 1964 na Kenya mwaka 1965. Baadaye zote mbili zilibadili mwelekeo. Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ilikabidhi maktaba za Uganda kwa wilaya, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikaziweka chini ya kaunti. Tanzania Bara imebaki na bodi moja.