Kengele za Zutphen na Sikio la Jacob van Eyck

Ulimi wa kengele unapogonga ukingo, shaba hunepa, na ukuta wake hutanuka huku na kubonyea kule mamia ya mara kwa sekunde, ukiisukuma na kuivuta hewa inayougusa mpaka msukumo huo ufike sikioni. Ukuta huo hautetemi kwa namna moja, kwani hujigawa katika sehemu zinazotenganishwa na mistari isiyosogea, iitwayo mafundo, na kila mgawanyo una masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kwa hiyo kengele moja hulia sauti kadhaa kwa pamoja, na kwa karne nyingi wasubu kengele wa Ulaya hawakuwa na njia ya uhakika ya kuzipatanisha.

Aliyezitenga ni Jacob van Eyck, mwanamuziki kipofu wa Utrecht, aliyegundua kwamba akipiga mbinja kwa sauti mojawapo karibu na kengele, sauti hiyo peke yake huitika bila kengele kuguswa. Ugunduzi huo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa, kwa sababu ulipatikana kwa sikio tupu zaidi ya miaka 100 kabla mwanafizikia Ernst Chladni hajaonyesha mafundo kwa mchanga juu ya bamba, mwaka 1787. Kwa ushauri wa van Eyck, ndugu François na Pieter Hemony walianza mwaka 1644 kutengeneza kengele za mnara wa mji wa Zutphen: walizisubu nene kidogo, kisha wakazikereza kwa ndani, wakijua kwamba kupunguza unene mahali fulani hushusha sauti fulani kuliko nyingine, na kwamba shaba iliyokwisha kukwanguliwa hairudi.

François alifariki mwaka 1667 na Pieter mwaka 1680, na ufundi huo ukafifia hadi miaka ya 1890, ulipofufuliwa Uingereza na padri Arthur Simpson pamoja na karakana ya Taylor ya Loughborough. Mahali pa mbinja palichukuliwa na uma wa sauti, chuma chenye pembe mbili kinachotetema kwa masafa maalumu. Ukishikwa hewani uma huo hausikiki sana, kwa kuwa pembe zake ni nyembamba na hewa inayosukumwa huzunguka na kurudi nyuma yake. Lakini shina lake likigusishwa kwenye ukingo wa kengele yenye masafa yale yale, ukuta mpana hupokea mtetemo, na karakana nzima husikia.