Mukuba uliua vijidudu kabla ya kujulikana sababu

Kasapa, Lubumbashi – Karne nyingi kabla ya Union Minière kuyeyusha mukuba wake wa kwanza Lubumbashi mwaka 1911, mafundi wa Katanga waliyeyusha jiwe la kijani na kutengeneza misalaba ya mukuba. Katika Misri ya kale, waganga walitia unga wa jiwe hilo kwenye vidonda. Leo sababu inajulikana: mukuba huharibu utando wa nje wa kijidudu, nacho hufa. Mwaka 2008 Marekani iliutambua rasmi kuwa unaua bakteria.

Lakini vumbi la mgodi si dawa, lina sumu nyingine. Ndugu mliokimbia makwenu, osheni kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunikeni kwa kitambaa safi. Kikivimba au kutoa usaha, fikeni kituo cha afya haraka.