Mnyama aliyengojea jina lake kabatini

Wengi wetu tumepita Kapolowe, kati ya Likasi na Lubumbashi, tukanunua samaki. Mimi nimekulia pale. Nyama ikiletwa kutoka porini, hakuna aliyeuliza ni mnyama gani. Ilikuwa paka "nyama ya pori", basi.

Njo maana habari ya lechwe wa Upemba ilinigusa. Ni swala wa mabwawa, anakaa bondeni chini ya milima ya Kibara. Lufira yetu, ikishatoka hapa kwetu, inashuka kaskazini mpaka kuungana na Lualaba katika bonde hilohilo. Kumbe ni jirani yetu!

Hifadhi ya Upemba iliundwa mwaka 1939, wakati wa Wabelgiji. Kuanzia 1946 hadi 1949 msafara wa de Witte ulizunguka humo ukikusanya wanyama. Mafuvu ya lechwe yaliyokusanywa enzi hizo yalipelekwa Ubelgiji, yakalala makumbushoni zaidi ya miaka 50. Mwaka 2005 mtafiti Fenton Cotterill alitangaza kwamba hawa si sawa na lechwe wa Zambia. Akawaita Kobus anselli, kwa heshima ya Ansell, mtaalamu wa wanyama wa Zambia. Wengine mpaka leo wanabisha kama ni aina kamili au tawi tu.

Lakini tazameni: jina linafika, wenyewe wanaisha. Vita, bunduki nyingi, njaa, uwindaji. Mwaka 2005 ilihofiwa wamebaki chini ya 1,000. Picha ya kwanza ya lechwe huyo akiwa hai ilichapishwa 2025 tu, na sasa inadhaniwa hawafiki hata 100.

Simlaumu baba mwenye njaa anayewinda. Ninatuuliza sisi tuliosoma. Kazi yangu ya mwisho wa masomo iko kabatini, haijafunguliwa na mtu, sawa na yale mafuvu. Na wavuvi wa bondeni walimjua mnyama huyu kabla ya Mzungu yeyote kumpima. Nani kati yetu alienda kuwauliza?

Basi, mwenye babu au nyanya upande wa Kisale au Upemba, likizo hii amuulize: mulimuita nani? Mulimuona wapi mara ya mwisho? Andika, weka tarehe, tuletee hapa. Tusingojee miaka 50 ingine.